Mambo ya Nyumbani: Zulia Lililoingia Maji

Katika barua zilizotufikia mwezi huu iko moja itokayo Marekani, nayo twaona yafaa kujibiwa hapa mbele ya wote, maana jamaa zetu walio kule ni wengi, na jambo aliulizalo ndugu huyu huwapata watu wengi kila mwaka. Aliyeandika ni baba wa watoto wanne, zamani mwalimu katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Sasa akaa katika mji mmoja wa kaskazini ya Marekani, katika nyumba anayoinunua kwa kulipa kidogo kidogo.

Nyumba hiyo ina vyumba viwili chini ya ardhi, na vyote viwili vimetandikwa zulia la kushikishwa sakafuni, toka ukuta hata ukuta. Katika chumba cha kwanza bomba la maji safi lilipasuka kwa ajili ya baridi. Walifyonza maji siku ile ile, wakalikausha zulia, wakalirudisha kwa mikono yao. Lakini sasa limefanya mawimbi katikati, na upande mmoja wa ukuta limepungua inchi 2, na mama mkwe amejikwaa akaanguka, akateguka mkono. Katika chumba cha pili, mvua kubwa ya kiangazi ilipandisha maji kwa lile tundu la sakafuni. Yalifika kina cha kidole, yakashuka yenyewe usiku huo. Zulia la huko limekauka, wala halina doa. Baba ataka kulisafisha na kulirudisha, wana wake wawili wapate kulala humo. Mama akataa kabisa. Barua yaisha kwa kusema, "Tuamulieni."

Basi, kwa habari ya chumba cha pili, mama amesema kweli, na zulia hilo litupwe. Sababu zake tutazieleza, ili baba asidhani kwamba tumependelea upande.

Lakini kwanza, msomaji wa pwani au wa Tabora atauliza, Kwani watu wale wajenge chumba shimoni? Jibu ni baridi. Katika nchi zile ardhi huganda wakati wa baridi, na udongo wenye maji ugandapo huvimba, ukainua nyumba na kuipasua. Kwa hiyo msingi sharti ushuke chini kupita pale baridi ifikapo. Katika Chicago hesabu ni inchi 42. Na mtu akiisha kuchimba kiasi hicho, kuongeza futi chache apate chumba kizima si gharama kubwa. Ndiyo asili ya vyumba vile. Lakini shimo ni shimo, na maji hayana njia ila kutafuta mahali pa chini.

Tena zulia lenyewe si kama mkeka wetu. Mkeka ukilowa, mama huukunja akauanika ukutani, na jua la saa sita likamaliza kazi. Zulia la kule hushikwa pande zote nne na vibao vyembamba vyenye ncha za misumari, na chini yake iko sponji nene inyonyayo maji yote, na chini ya sponji ni saruji, isiyokauka upesi. Kwa juu laweza kuonekana kavu kabisa, na chini yake pakawa kama kinamasi.

Sasa turudi kwa maji yenyewe. Mafundi wa Marekani wakaushao nyumba hufuata kawaida zilizoandikwa na chama kiitwacho IICRC, nazo huyagawa maji kwa daraja tatu. Daraja la kwanza ni maji ya bomba, safi yatokapo. La pili ni maji yaliyokwisha kutumika, kama ya mashine ya kufulia nguo, yawezayo kumdhuru mtu. La tatu ni maji ya choo, na ya mto uliofurika, na yote yaliyochanganyika nayo. Na maji hayakai katika daraja lake. Yakilala siku mbili katika sponji, yale ya kwanza hushuka kuwa ya pili, na ya pili kuwa ya tatu.

Je, maji ya tundu la sakafuni ni ya daraja gani? Hapa ndipo wengi wakosapo, maana huyaona meupe. Katika miji ya zamani ya kule, kama Chicago na Detroit, bomba kuu la mtaani huchukua pamoja maji ya mvua na maji ya vyoo. Mvua ikizidi, bomba hujaa, na yaliyomo hurudi nyuma kwa kila tundu lililo chini. Ndivyo ilivyokuwa Detroit mwezi wa Juni 2021, hata nyumba kwa maelfu zikajaa chini. Maji yale yana choo cha mtaa mzima, hata yakionekana kama maji ya kisima. Kwa hiyo ni daraja la tatu, na kwa daraja la tatu kawaida ni moja: zulia na sponji yake vyatolewa na kutupwa, havioshwi vikarudi. Manyoya ya juu yaweza kuoshwa, ni kweli. Lakini zulia lina matabaka mawili ya mgongo yaliyobandikwa kwa gundi ya mpira, na uchafu uliokwisha kuingia kati ya hayo mawili hakuna sabuni iufikiao. Baba asema halina doa. Vijidudu vya tumbo havina rangi.

Liko na jambo la kuvu. Idara ya serikali ya Marekani iangaliayo mazingira hufundisha ya kwamba kitu kilicholowa kikaushwe katika saa 24 hata 48. Baada ya hapo kuvu huanza kumea. Zulia la chumba cha pili, kwa hesabu ya barua, liliachwa siku sita likauke lenyewe. Mtoto mwenye pumu alalaye juu ya kuvu, usingizi wake ni wa kukohoa. Hata asiye na pumu hatapata heri. Basi likatwe vipande vya upana wa futi tatu hivi, likunjwe, litolewe kwa glavu na viatu vya mpira. Lakini kabla ya kulitupa, baba alipige picha, na kipande kimoja kidogo akiweke katika mfuko kwa ajili ya watu wa bima.

Katika habari ya bima, asitumaini mno. Bima ya kawaida ya nyumba hulipa mara nyingi kwa bomba lililopasuka ghafula, ila mafuriko haiyalipi. Na maji yaliyorudi kwa tundu hulipwa tu kama mtu aliongeza sharti hilo na kulilipia mbele. Hata ule mpango wa serikali wa bima ya mafuriko, ulioanzishwa mwaka 1968, haulipi zulia lililotandikwa chini ya ardhi. Asome karatasi zake zote kwa utulivu, na asipofahamu amwombe mwanawe mkubwa amsomee. Watoto hupokea lugha upesi kuliko sisi.

Na kwa kuwa amewataja wana wawili watakaolala humo, hatuwezi kupita bila kuuliza: chumba hicho kina dirisha la kutokea? Sheria za ujenzi zifuatwazo katika sehemu nyingi za Marekani zataka chumba cha kulala cha chini kiwe na dirisha lifungukalo, nafasi yake isipungue futi mraba 5.7, na kizingiti chake kisiwe juu ya inchi 44 toka sakafu, ili mtu aweze kutoka na mzima-moto aweze kuingia. Tarehe 1 Septemba 2021, mabaki ya tufani iitwayo Ida yalipofika New York, watu 11 walikufa maji ndani ya vyumba vya chini, wengine mlangoni hasa, kwa kuwa maji ya nje yaliusukuma mlango usifunguke. Chumba ambacho maji yamekwisha kukijua njia, sisi tungewalaza watoto juu, hata kama watabanana.

Hayo ndiyo ya chumba cha pili. Katika chumba cha kwanza habari ni njema zaidi, maana maji yalikuwa ya bomba, nao waliyatoa siku ile ile. Zulia hilo laweza kupona. Kosa lililobaki ni moja tu: halikuvutwa.

Watu wengi hudhani zulia hutandikwa, kama shuka. Sivyo, huvutwa kama ngozi ya ngoma. Chama cha watengeneza mazulia wa kule chataka zulia livutwe mpaka lizidi urefu wake kwa sehemu 1 hata 1 na nusu katika mia, kwa urefu na kwa upana. Katika chumba cha futi 20, hiyo ni karibu na inchi 2 na nusu hata 3 na nusu. Basi zulia likiondolewa katika vile vibao vya misumari, likalowa, likakauka, hurudi katika ukubwa wake wa kwanza. Ukilirudisha pasipo kulivuta, utaliona fupi ukutani, na huku katikati lina mawimbi kila mguu upitapo. Baba auliza kama ashone kipande kujaza zile inchi 2. Asishone! Inchi zile hazikupotea. Zimo ndani ya zulia, zangoja kuvutwa. Akitia kipande, atakuwa na mshono wa bure ukutani, na mawimbi yatabaki pale pale.

Kabla ya kuvuta, mambo matatu ayaangalie. Kwanza zulia lenyewe: alikunje pembe moja, aone kama matabaka ya mgongo yaachana kama maganda ya kitunguu, au kama unga mweupe wamwagika. Ikiwa hivyo, gundi imekufa, na zulia halitashika hata livutwe na ng'ombe. Na kama mgongo wake ni wa jute, yaani nyuzi zile za magunia, kama mazulia mengi ya zamani, huenda limejikunja kweli kwa maji na kugeuka rangi ya kahawia. Hilo nalo limekwisha. Mengi ya siku hizi yana mgongo wa nyuzi za plastiki, na hayo huvumilia.

Pili, sponji. Barua yasema sponji ya kwanza ilirudishwa. Itolewe. Sponji iliyolowa, hata kwa maji safi, haikauki vema na bei yake ni ndogo kuliko zulia. Atakayonunua isizidi unene wa karibu nusu ya inchi, tena iwe ngumu; maana ile nene na laini, ingawa ni tamu kwa miguu, hulifanya zulia lichezecheze na mawimbi yarudi.

Tatu, saruji. Hii ndiyo watu huisahau zaidi. Saruji huonekana kavu siku nyingi kabla haijakauka. Kuipima si kazi: chukua karatasi nzito ya plastiki, yenye upande wa inchi 18 kwa 18, ubandike pande zake nne sakafuni kwa utepe, pasibaki pa kupita hewa, uiache saa 16 au zaidi. Ukiifunua ukaona matone, au saruji imekuwa nyeusi kuliko jirani yake, ngoja. Washa feni na mashine ya kukausha hewa, ukapime tena baada ya siku chache. Na kama chini ya zulia hukuta saruji ila vigae vya zamani vya inchi 9 kwa 9, usivikwangue wala usivivunje. Vigae vya ukubwa huo katika nyumba zilizojengwa kabla ya 1980 mara nyingi vina asbesto, na vumbi lake huua mapafu. Vipimwe kwanza na mwenye kujua.

Vile vibao vya misumari navyo, vikiwa vimeota kutu au vimevimba, ving'olewe, maana kutu hupanda ikatia doa kwenye zulia. Vibao vipya hupigiliwa kwa misumari ya saruji, ncha zake zielekee ukutani, na kati ya kibao na ukuta iachwe nafasi iliyo pungufu kidogo kuliko unene wa zulia. Nafasi ile ndiyo mahali pa kufichia ukingo.

Sasa kuvuta. Barua yasema walitumia chombo cha goti. Kwa asiyekijua, ni kipande cha chuma, mbele kina meno, nyuma kina mto. Fundi hushikiza meno katika zulia, akaupiga mto kwa mguu, juu kidogo ya goti. Chombo hiki ni kizuri kwa kukamata pembe na kwa mahali pembamba, ila hakitoshi kuvuta chumba kizima. Tena chadhuru. Mwaka 1990 ofisi ya serikali ya Marekani ichunguzayo afya ya wafanya kazi ilitoa onyo ya kwamba watandika mazulia hawafiki 0.06 katika mia ya wafanya kazi wote wa nchi, lakini katika madai ya fidia kwa magoti yaliyoumizwa walikuwa na 6.2 katika mia. Vijana wetu wengi huingia kazi hizi za nyumba wafikapo kule. Na walisikie onyo hilo wangali na magoti.

Chombo kifaacho ni kile kirefu cha kuvutia: kichwa chenye meno, mabomba ya chuma yanayoungwa kwa urefu wa chumba, na mguu usukumao ukuta wa pili. Mtu hushusha mkono wa chombo, na zulia huvutika pole pole kwa nguvu asiyoweza kuipata kwa goti. Hakuna haja ya kukinunua, maana maduka ya vifaa hukikodisha kwa siku. Meno yake yapimwe yashike zulia tu, yasichome sponji. Na mguu wake usiegemezwe juu ya ukuta mtupu, kwa kuwa kuta za ndani za kule ni bamba za jasi, zatoboka kwa urahisi. Weka ubao mrefu kati, ili nguvu ienee juu ya nguzo za ukuta.

Utaratibu ni huu. Zulia likiwa limekauka kabisa, na chumba kina joto la digrii 65 za Fahrenheit au zaidi, ambazo ni kama 18 za Centigrade, shikiza kona moja kwa chombo cha goti, kisha kiasi cha futi tatu kila upande wa kona hiyo. Halafu vuta kwa chombo kirefu kwenda kona ya pili kwa urefu wa ukuta, ushikize. Urudi kona ya kwanza, uvute kwenda kona ya upande mwingine, ushikize. Sasa kuta mbili zilizoungana zimekuwa nanga yako. Ndipo uvute kwenda kuta zilizobaki, kichwa cha chombo kikiwa inchi 6 hivi toka ukuta, ukisogea kidogo kidogo, na kila mvuto ukilikandamiza zulia juu ya misumari kabla ya kuachilia. Usivute kwa pupa upande mmoja ukaacha mwingine, utalipotosha, na mistari yake itakwenda kombo. Kama liko la kuzidi, likate kwa kisu kikali, ukiacha kiasi cha kuingiza katika ile nafasi ya ukutani kwa patasi butu.

Iwapo chumba kina mshono katikati, uangaliwe kabla ya yote. Mishono mingi hushikwa kwa utepe wenye gundi iyeyukayo kwa pasi ya moto, na utepe uliolowa ukachakaa waweza kuachia chini ya mvuto. Heri kuutia utepe mpya kwanza, na kuungoja upoe. Kwa mtu asiyepata kuufanya kazi hiyo, hapa tungesema aite fundi kwa saa mbili, na mengine afanye mwenyewe. Mshono mbaya huonekana kila siku.

Chumba cha pili, kikiisha kusafishwa kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, na saruji kupimwa, kibaki bila zulia la kushikishwa. Sakafu ya saruji iliyopakwa rangi, na juu yake mkeka au zulia dogo liwezalo kuinuliwa na kuanikwa, yatosha kwa chumba cha kufulia nguo na kuwekea vitu. Na baba amwite fundi wa mabomba amwulize bei ya kizuizi cha maji ya kurudi, kile kifunguacho njia kwenda nje tu. Baadhi ya miji ya kule husaidia kulipa sehemu ya gharama, naye aulize katika ofisi ya mji wake kabla hajaanza kazi.

Hata siku ya kukodi chombo, yale mawimbi ya chumba cha kwanza yawekwe viti juu yake, na mama mkwe apitie kando ya ukuta, mwenye kumshika mkono akiwapo. Swali la tatu la barua, juu ya rangi ya kuta zinazotoa unyevu, tutalijibu mwezi ujao.